Bima na Msaada wa Kila Siku kwa Mgonjwa Aliyelazwa: Mwongozo kwa Familia za Lubumbashi

Tangu wenzangu kazini waniteue kuwa mjumbe wao, swali moja hunifikia mara nyingi kuliko mengine yote: mtu amelazwa, bima imekubali kulipa kitanda na dawa, lakini ni nani atakayemlipa yule anayemwosha, anayemlisha na anayemshika mkono kwenda chooni usiku? Anayeuliza kwa kawaida amesimama kwenye baraza la hospitali, beseni mkononi, akiwa amekwisha kulipa siku nne au tano bila karatasi yoyote. Nimeandika mwongozo huu ili swali hilo liulizwe kabla fedha hazijatoka.

Katika hospitali zetu nyingi muuguzi hudunga sindano, hupima joto na hufunga vidonda, na mambo mengine yote ya mwili wa mgonjwa huachiwa familia. Ndiyo maana kila kitanda kina mkeka uliokunjwa chini yake na ndugu anayelala juu ya mkeka huo. Kampuni ya bima kwa upande wake huhesabu kwamba kuoshwa na kulishwa ni sehemu ya kazi ya hospitali, kwa hiyo haioni sababu ya kulipia mtu wa ziada. Mgonjwa huangukia katikati ya mawazo hayo mawili. Kazi yako ni kuziba pengo hilo kwa maandishi, na maandishi yenyewe yaanze siku ya kwanza.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Tafuta mkataba wa bima au kanuni za mutuali ya afya, yaani chama cha wanachama wanaochangiana gharama za matibabu, ukurasa kwa ukurasa, wala usiridhike na kadi peke yake. Ikiwa bima ni ya kazini, mkataba uko kwa mwajiri, na mfanyakazi ana haki ya kuomba nakala ya yale yanayomhusu. Andaa kadi ya bima ya mgonjwa na kadi yake ya mpiga kura au kitambulisho kingine, daftari jipya la kurasa angalau 48, kalamu ya wino usiofutika, bahasha ngumu ya kuhifadhia karatasi, na simu inayopiga picha zinazosomeka. Ongeza nambari ya simu ya kampuni ya bima inayopokelewa usiku, na jina la mtu mmoja wa familia atakayeshika faili. Awe mmoja tu, kwa sababu faili linaloshikwa na ndugu watatu hupotea karatasi siku ya pili.

Hatua za kufuata

1. Jua kwanza bima yako ni ya aina gani.

Mlango wa kupiga hodi hutegemea jibu hili. Kampuni za bima za biashara ziko chini ya sheria ya bima ya Kongo ya mwaka 2015, ile iliyomaliza ukiritimba wa SONAS, kampuni ya bima ya serikali, na msimamizi wao ni mamlaka iitwayo ARCA. Mutuali za afya zina sheria yao ya Februari 2017, na mwenye kauli ya mwisho humo ni mkutano mkuu wa wanachama. Kisha kuna mwajiri mwenyewe: Kanuni ya Kazi ya mwaka 2002 inamtaka ampatie mfanyakazi na familia yake matunzo ya daktari, upasuaji, dawa na gharama za kulazwa hadi mkataba wa kazi uishe, hata kama mkataba huo umesimama kwa sababu ya ugonjwa. Hata mwajiri anapochukua bima ya kumsaidia kubeba mzigo huo, wajibu wenyewe unabaki wake. Mwisho kuna CNSS, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, ambayo inahusika ikiwa mgonjwa aliumia kazini au amepata ugonjwa unaotokana na kazi; wafanyakazi wa migodi na viwanda wasisahau hilo.

2. Soma mkataba ukitafuta maneno machache tu.

Mikataba yetu huandikwa kwa Kifaransa, na kurasa 30 zinaweza kumchosha yeyote. Usisome kama riwaya. Tafuta «hospitalisation» uone siku ngapi zinalipwa na kwa daraja gani la chumba. Tafuta «soins infirmiers» au «nursing», kwa maana huko ndiko msaada wa mwili unakoweza kuingia. Tafuta «tierce personne», «garde-malade» na «accompagnant», maneno matatu yanayofanana kwa mbali lakini yasiyolingana: la kwanza ni mtu anayemfanyia mgonjwa kile asichoweza kujifanyia, la pili ni yule anayemlinda kitandani, na la tatu ni ndugu anayefuatana naye, ambaye huenda akalipiwa kitanda au safari bila kulipwa kwa kazi anayoifanya. Kisha fungua sehemu ya «exclusions» uone kilichotolewa nje. Ukikuta neno «confort», simama hapo usome mara mbili, kwa sababu msaada wa kuoga mara nyingi hukataliwa kwa kuitwa starehe.

Andika pia mambo manne ya fedha: kikomo cha mwaka, yaani «plafond»; sehemu inayobaki kwako, yaani «ticket modérateur»; muda wa kungoja kabla haki haijaanza, yaani «délai de carence»; na siku za mwisho za kupeleka madai. Chukua mfano wa bili ya dola 400 yenye sehemu ya mgonjwa ya asilimia 20: utalipa dola 80, na hizo hazina uhusiano wowote na fedha za msaidizi, ambazo zikikataliwa zote zinakuwa juu yako.

3. Mwombe daktari aandike kile ambacho mgonjwa hawezi kufanya.

Hatua hii ndiyo inayobeba nyingine zote, kwa hiyo nitakaa nayo kidogo. Karatasi ya daktari inayosema tu kwamba mgonjwa «ni dhaifu» haimsaidii mtu. Mshauri wa kitabibu wa bima, «médecin-conseil», hakumwona mgonjwa. Anasoma karatasi ofisini na anataka kuona tendo, sababu na muda.

Kuna kipimo ambacho madaktari wa nchi nyingi wanakifahamu, kilichotolewa mwaka 1963 na daktari Mmarekani Sidney Katz pamoja na wenzake. Kinahesabu matendo 6: kuoga, kuvaa, kwenda chooni, kuhama kutoka kitandani hadi kitini, kuzuia haja, na kula. Kila tendo ambalo mgonjwa analifanya bila msaada hupata alama 1, na asiloliweza hupata 0, hivyo mwenye 6 anajitegemea na mwenye 1 au 2 anahitaji mtu karibu muda wote. Zingatia jambo moja ambalo familia zetu hulikosea: kula katika kipimo hiki ni kutoa chakula kwenye sahani na kukifikisha mdomoni. Kupika hakumo. Bukari na sombe unavyobeba kutoka nyumbani katika sahani iliyofunikwa kwa kitambaa ni upendo na ni gharama ya kweli, lakini ukiviingiza katika dai la msaada wa mwili utalidhoofisha dai zima.

Mwombe daktari aandike hivi kwa maneno yake: mgonjwa ana ugonjwa gani, matendo gani kati ya hayo sita hayawezi, kwa nini hayawezi (mguu uko kwenye plasta, upande mmoja umepooza, jeraha la tumbo bado bichi), msaada unahitajika mara ngapi kwa siku, na kwa siku ngapi kabla ya kupimwa upya. Kwa mgonjwa asiyeweza kujigeuza, mwombe ataje kugeuzwa kitandani takriban kila saa 2 ili ngozi ya mgongo na visigino isioze. Sentensi hiyo moja ina uzito, maana kidonda cha kulala ni matibabu mapya yenye gharama mpya, na bima inalielewa hilo haraka kuliko inavyoelewa uchovu wa familia. Karatasi iwe na tarehe, sahihi na muhuri.

Tahadhari: usimwombe daktari azidishe. Mgonjwa aliyeandikwa kuwa hawezi kula akaonekana akila mwenyewe siku ya ukaguzi atapoteza hata kile alichostahili.

4. Uliza bima kwa maandishi, na ungoje jibu la maandishi.

Peleka karatasi ya daktari pamoja na barua fupi ya kuomba kibali cha awali, «accord préalable». Uliza maswali matatu pekee: Je, msaada huu unalipwa ukitolewa na muuguzi wa hospitali? Je, unalipwa ukitolewa na msaidizi kutoka nje, na kwa masharti gani? Je, ni kiasi gani kwa siku na kwa siku ngapi? Ukijibiwa kwa simu, tuma ujumbe papo hapo ukirudia ulichoambiwa, mkiwa bado mnakumbuka wote wawili, uanze kwa «Kama tulivyozungumza leo saa fulani» na utaje jina la aliyezungumza nawe. Jibu la mdomo linalotolewa dirishani halina mwenyewe siku ya madai.

5. Kagua boni ya hospitali kabla ya kuikabidhi.

Boni ya kulipiwa, «bon de prise en charge», ndiyo inayofungua kitanda. Angalia jina limeandikwa sawa na kwenye kitambulisho, kwa maana kwetu mtu mmoja anaweza kuwa na majina matatu yaliyopangwa kwa mpangilio tofauti kwenye kila karatasi. Angalia tarehe ya mwanzo na ya mwisho, na uone kama imeandikwa huduma gani. Piga picha kabla haijaondoka mkononi mwako.

6. Gawanya kazi na mkuu wa wauguzi wa wodi.

Nenda kwake kwa heshima, asubuhi baada ya daktari kupita vitandani, umwulize wauguzi wake watafanya nini na familia itafanya nini. Wengi wao wamezidiwa na kazi na watakueleza wazi. Kuoshwa kwa mgonjwa mwenye mshono mpya, kumlisha kwa mpira wa puani na kumgeuza aliyevunjika nyonga ni kazi za muuguzi au za mtu anayesimamiwa na muuguzi. Usimpe mpwa wako wa miaka 16 kazi hiyo kwa kuokoa faranga chache. Kumnywesha maji, kumchana nywele na kumsindikiza barazani ndugu anaweza. Ukimchukua msaidizi wa kulipwa, mkuu wa wauguzi ajue jina lake na amkubali.

7. Andikiana na msaidizi.

Ukurasa mmoja unatosha: majina yenu, jina la mgonjwa, saa za kazi, matendo atakayofanya yakifuata karatasi ya daktari, malipo ya siku, na sahihi zenu. Ambatisha nakala ya kadi yake ya mpiga kura. Mlipe kwa fedha za simu kila inapowezekana, kwa sababu ujumbe wa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money unabaki na tarehe, jina na kiasi. Noti za mkononi hazisemi chochote.

8. Jaza daftari kila siku.

Chora safu tano: tarehe na saa, tendo, aliyelifanya, hali ya mgonjwa, sahihi. Mstari mmoja mzuri unasomeka hivi: «Saa 12:30 asubuhi, ameoshwa kitandani na kugeuzwa upande wa kushoto, kisigino cha kulia kina wekundu, muuguzi ameambiwa.» Mwombe muuguzi wa zamu asaini angalau mara moja kwa siku. Usijaze siku tatu kwa pamoja jioni ya Jumapili. Wino uleule na mwandiko uleule wa haraka hujulikana mara moja. Daftari hili, hata bima ikikataa kulipa, humsaidia daktari kuona kile ambacho hakipo kwenye faili lake.

9. Tenganisha risiti.

Risiti ya msaada wa mwili iwe peke yake, ya chakula peke yake, ya usafiri peke yake. Kila moja iwe na jina la mgonjwa, tarehe, kazi iliyofanyika, idadi ya siku, kiasi kwa siku na jumla. Ikiwa umelipa kwa faranga na bima inahesabu kwa dola, andika kiwango cha siku ile.

Haya nimeyajua kwa kuumia. Mama yangu alipovunjika nyonga, tulimlipa mama mmoja mkarimu amhudumie kwa siku 19. Risiti yetu ilikuwa ukurasa uliochanwa kutoka daftari la shule, kwa wino mwekundu: «divers, 95 $», yaani «mengineyo». Mama yule alifanya kazi ya kweli. Mgongo wa mama yangu haukupata hata kidonda kimoja. Lakini karatasi haikusema ameosha wala amegeuza, haikusema siku 19 wala dola 5 kwa siku, na kampuni iliirudisha ikiwa na mstari mmoja wa kukataa. Sikuwa na hoja ya kujibu.

10. Kagua bili kabla mgonjwa hajatoka.

Omba bili yenye maelezo, «facture détaillée», siku moja kabla ya kutoka, usingoje mgonjwa awe amekaa kwenye kiti akisubiri gari. Angalia kama huduma za uuguzi zimeandikwa kwa jina lake au zimezikwa ndani ya bei ya kitanda. Ikiwa hospitali imekutoza kwa ajili ya kuosha na kulisha, maneno hayo yaandikwe kwenye bili, kwa sababu baada ya kutoka, kurekebisha mstari mmoja kunaweza kuchukua majuma.

11. Peleka faili na ubaki na nakala.

Panga hivi: barua ya dai, kibali cha awali, karatasi ya daktari, mapatano na msaidizi, nakala ya daftari, risiti, bili. Weka namba kwenye kila ukurasa. Omba muhuri wa kupokelewa, «accusé de réception», juu ya nakala yako. Kila kitu cha asili kinachoondoka mkononi mwako kiwe kimepigwa picha.

Mambo yakikwama

Bima inasema ni starehe. Jibu kwa kurejea karatasi ya daktari na kuomba «médecin-conseil» aandike kwa nini haikubali. Mwombe daktari wako aongeze barua fupi ya kueleza madhara ambayo yangetokea bila msaada: kidonda cha kulala, kuanguka, chakula kuingia njia ya hewa. Jibu la pili likiwa lilelile, andika malalamiko kwa uongozi wa kampuni, na baada ya hapo kwa ARCA. Kwa mutuali, anza na kamati ya uongozi, kisha uombe suala liingizwe katika ajenda ya mkutano mkuu.

Bima inasema hailipi ndugu. Mara nyingi ndivyo mkataba ulivyo, na sikushauri ufiche undugu wa msaidizi. Badala yake uliza kama «accompagnant» ana kitanda au chakula anacholipiwa. Familia nyingi huacha kidogo hicho kwa kutouliza.

Boni imekwisha muda na mgonjwa bado amelazwa. Omba nyongeza saa 48 kabla ya tarehe ya mwisho, pamoja na ripoti mpya ya daktari. Ikiwa tarehe imekwisha kupita, omba siku hiyohiyo, uandike sababu ya kuchelewa, na umjulishe mhasibu wa hospitali ili siku zilizo katikati zisiandikwe kama deni lako binafsi. Mgonjwa akizuiliwa wodini kwa sababu ya bili, ipigie bima simu ukiwa umesimama mbele ya mhasibu na uombe wazungumze wao kwa wao. Mkanganyiko mwingi wa namna hiyo hutokana na boni ambayo upande mmoja haujaiona.

Mwajiri anakataa kushughulika. Mwandikie, ungoje muda mliokubaliana, kisha nenda kwa mkaguzi wa kazi. Mgogoro wa mfanyakazi mmoja mmoja lazima upitie upatanisho wake kabla ya kufika Mahakama ya Kazi, kwa hiyo usianze na mahakama.

Aliumia kazini. Hakikisha mwajiri ametangaza ajali hiyo kwa CNSS na upate nakala ya tangazo. Ikiwa baadaye itaonekana kwamba ulemavu ni wa kudumu na anahitaji mtu wa kumsaidia daima, uliza kuhusu nyongeza ya pensheni kwa ajili ya «tierce personne». Daftari la hatua ya 8 litakuwa ushahidi wako wa kwanza.

Mnavuka Kasumbalesa kwenda kutibiwa Zambia, au mnapanda ndege kwenda Afrika Kusini au India. Soma kwanza kama mkataba unafika nje ya nchi, maana mwingi huishia mpakani. Uliza hospitali ya huko ikupe makadirio ya bei yanayoonyesha kama kuosha na kulisha viko ndani ya bei ya kitanda, kisha uombe kibali cha safari ya anayefuatana na mgonjwa kando na kibali cha matibabu. Vibali hivyo ni viwili, na familia nyingi huondoka na kimoja.

Mgonjwa amefariki kabla ya madai kulipwa. Faili lisitupwe pamoja na mkeka na beseni. Iulize kampuni kwa maandishi ni nani katika familia anayekubaliwa kusaini, ambatisha nakala ya cheti cha kifo, na ulipeleke ndani ya siku zilizoandikwa kwenye mkataba. Siku za matanga zinahesabiwa pia.